A ya Mkurugenzi

Mwaka tisini na tisa, enzi ambazo kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa au kinapunguzwa, ofisi ya Mradi wa Visima Ufipa pale Sumbawanga ilipokea barua mbili kutoka kwa wafadhili wa Dar. Ya kwanza ilitaka kompyuta iwekewe Windows mpya. Ya pili ilitaka mfanyakazi mmoja apunguzwe. Ya kwanza ilibandikwa ukutani kwa mbwembwe. Ya pili Mkurugenzi Nestory aliifungia kwenye droo iwe siri, kana kwamba mpiga chapa aliyeifungua na kuisajili hajui kusoma.

Mpiga chapa huyo ni Mama Hellena. Alikuwa amegonga taipureta miaka kumi na saba, na kompyuta alijifunza peke yake kwa miaka miwili, maana wakubwa waliipita mbali kama mbwa mkali. Humo alikuwa ameingiza visima na kamati za maji za vijiji tisini na tatu, kuanzia Mwazye mpaka Kipili. Alijiambia kwamba wakitafuta wa kupunguza, hawatamgusa aliyeshika orodha. Alijiambia hivyo kila asubuhi.

Mtaalamu akaja. Aliitwa Christopha, kijana wa hapohapo mjini aliyekaa Dar wiki tatu na kurudi na cheti, miwani ya jua na sidii moja. Aliwaeleza wakubwa kwamba Windows ndiyo inayoiendesha mashine, bila hiyo kompyuta ni sanduku tu. Angeweza kuiweka juu ya ile ya zamani na kwenda zake. Lakini kwa kuwa alilipwa kwa siku, akashauri kwanza diski ngumu igawanywe vyumba, kila chumba na herufi yake.

Neno kugawanywa likawaamsha wote. Ofisi ile ilikuwa na vyumba vitatu na wakubwa wanne, kwa hiyo jambo la kugawana vyumba hawakulifanyia mzaha. Kikao kikakaa asubuhi nzima. Christopha alipotamka kwamba vyumba vinaanzia herufi C, Mkurugenzi alivua miwani.

"Mimi nikae C?" aliuliza. "Shule nilisoma, kijana. C ni ya mtu aliyenusurika."

Christopha alijaribu kufafanua kwamba A si chumba cha diski, ni lile tundu la mbele la kuchomekea disketi. Mkurugenzi akalitazama tundu. Lilikuwa na mlango wake, kitufe chake na taa yake ya kijani. Akaridhika kabisa. Hivyo ndivyo mkubwa wa wote alivyojichagulia sehemu ndogo kuliko zote, isiyotosha hata picha moja nzuri. C wakapewa Windows wenyewe, kwa kuwa hawana cheo. Afisa Mipango akapata D, Mhandisi E, na mtunza stoo akapewa F, herufi aliyokuwa ameizoea tangu shuleni.

Hellena hakupewa kitu. Aliuliza swali moja tu, kwamba vilivyomo sasa vitakwenda wapi wakati wa kugawa.

"Mama, wasiwasi wa nini?" Christopha alisema. "Ukijenga ukuta katikati ya chumba, kitanda kinahama?"

Wakubwa wakacheka. Walipotoka kwenda kula ugali wa ulezi kwa migebuka ya ziwani, Hellena alibaki na njaa yake akanakili orodha kwenye disketi kumi na mbili. Alasiri Christopha aligawa, akafomati mpaka diski ikabaki tupu, akaingiza sidii yake, na kwa saa nzima wakubwa walisimama wakiutazama mstari wa buluu ukisogea. Windows ilipofunguka wakapiga makofi. Kitanda kilikuwa kimekwenda na chumba chake. Hakuna aliyekitafuta, na Christopha alipanda basi la Mbeya kesho yake.

Wiki hiyo likatoka tangazo, ambalo Hellena mwenyewe alilipiga chapa: A ni ya Mkurugenzi, mtumishi mwingine asiiguse. Mkurugenzi akabandika karatasi juu ya tundu na kuigonga muhuri wa ofisi.

Ijumaa akafika Bi Cornelia, mkaguzi wa wafadhili, akaomba kuona orodha ya visima. Wakafungua D, E na F. Vyote vyeupe. Afisa Mipango akamtazama Mhandisi, Mhandisi akatazama dari.

"Orodha ipo kwenye disketi, Mkurugenzi," Hellena alisema kwa upole. "Ila mlango wake ni huo wenye muhuri."

Nestory alitoka jasho katika baridi ile ya Ufipa. Kumruhusu mpiga chapa aingie A mbele ya wakubwa wenzake hakuweza. Akabandua karatasi, akaketi yeye. Hellena akasimama nyuma akimpa disketi moja baada ya nyingine na kumnong'oneza pa kubonyeza. Ya kumi na mbili ilipoisha, vijiji tisini na tatu vilikuwa vimejipanga kwenye skrini. Bi Cornelia alifurahi mno. Alimuuliza Mkurugenzi amejifunzia wapi, naye akajibu kwa unyenyekevu kwamba ni juhudi binafsi tu.

Siku kumi baadaye ripoti ikaja. Ilimsifu Mkurugenzi kwa kuendesha kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, na ikapendekeza kwamba ofisi yenye kiongozi wa namna hiyo haihitaji tena mpiga chapa. Nestory angeweza kuandika sentensi moja kuwaeleza ukweli. Alikaa nayo siku mbili, kisha akaja mezani kwa Hellena na karatasi ya mwandiko wa mkono.

"Mama Hellena, nisaidie kunipigia hii."

Hellena aliisoma yote, mpaka jina lake. Hasira ilimpanda, ikafuatiwa na aibu ambayo haikuwa yake. Akaipiga chapa bila kosa, akaichapisha. Nestory akaisaini palepale, akaikunja na kumkabidhi, akamshukuru kwa utumishi wake. Akakohoa.

"Kabla hujaondoka, nionyeshe inavyowashwa."

Akamwonyesha. Ilibidi amwonyeshe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Mkurugenzi aliwasha skrini tu, akakaa akisubiri.