Mposaji Aliyemaliza Ugali

Nimewaoza binti wanne wa kaka zangu hapa Magunga, na wote nimewachagulia waume kwa kuwatazama wakila. Mposaji mwenye adabu humega kidogo, husifu mchuzi, kisha hubakisha. Anayefagia sahani ama kwao kuna njaa, ama hakufunzwa na mamake. Huyo mimi simpi mtoto.

Mwaka wa tisini na sita akaja Cliff kumposa Dolphine, binti wa kaka yangu Dishon. Alikuwa mpakiaji wa miwa kule Awendo, mashavu yamejaa utadhani ameficha mandazi mdomoni. Niliwaandalia kuku na ugali mkubwa. Niliporudi, ugali ulikuwa umekwisha. Nikaleta mwingine, nao ukaisha. Mjomba wake, aliyekuja kumsemea, alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza. Kijana alikuwa anakwangua mchuzi kwa kidole.

Nikamwita Dishon uani. "Huyu hapana. Atakula mpaka mbegu."

Dolphine alinisikia. Hakulia, na hilo likaniudhi zaidi. Alikwenda mlangoni akasema, "Cliff, waambie tu."

Kijana akasimama. Mjomba akamvuta shati, kwa maana walikuwa wamepatana kunyamaza. Nani humpa mgonjwa binti?

"Baba, mimi niko na pumu," Cliff akamwambia Dishon. "Moshi ya miwa ilinifunga kifua, nikalazwa. Daktari akanipatia prednisolone. Hiyo dawa inatuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa, sasa napumua. Lakini inaleta njaa mbaya, na uso inafura. Hii si uso yangu."

"Si ungeiacha leo tu," nikasema, "kwa heshima yetu?"

"Siwezi kuacha ghafla, waya." Tayari alikuwa ananiita shangazi kwa Kijaluo, mwenye njaa yule. "Mwili hujitengenezea kitu kama hiyo dawa. Ukimeza tembe wiki nyingi, mwili inalala kazi. Ukiacha mara moja, unaweza kuanguka. Inapunguzwa pole pole mpaka mwili iamke."

Niliposikia habari ya uvimbe nikakumbuka magoti yangu. Nikamwomba tembe mbili. Kwetu dawa ya mmoja huzunguka boma zima kama chumvi.

"Kuna magonjwa ya viungo inatibu, hata ya ngozi," akasema, "lakini daktari akuangalie kwanza. Mimi siwezi kukugawia."

Kuninyima mimi, tena siku ya kuposa! Nilikasirika, na papo hapo nikaanza kumpenda.

Dishon akamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Mimi ndiye humpangia, baba. Wiki hii tembe nne kila asubuhi, wiki ijayo tatu, vile daktari aliandika."

Kaka yangu akanitazama, kwa sababu kwa mambo ya waposaji neno la mwisho ni langu. Nikamkumbuka marehemu mume wangu. Alinificha shinikizo la damu miaka saba, mpaka siku niliyoitwa nimwokote shambani. Alikuwa na adabu sana mezani, mume wangu. Hakumaliza sahani hata mara moja.

Nikarudi jikoni, nikaongeza kuni, nikasonga ugali wa tatu. Nikauweka mbele ya Cliff mwenyewe, si mbele ya mjomba wake.

"Kula, mtoto yangu," nikamwambia.