Kiganja cha Mzee Kalinga

"Hivi vyote ni vya mzee mmoja?" Filemoni aliuliza, macho hayajabanduka kwenye mizani.

"Vya mume wangu, baba. Kwani kuna mwingine?"

Apolonia alikuwa muosha chupa wa maabara ile, katika hospitali ya misheni nje kidogo ya Iringa, na Filemoni ndiye aliyekuwa mpimaji. Vifurushi vile vya dawa Apolonia alivikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa watu ambao hawajanywa dawa yao. Maneno yalikuwa yamemchosha. Juma lililopita Benedicta alikunywa dawa ya minyoo ya tegu ya Mzee Kalinga, akatapika mpaka akazimia, na kisimani wakaanza kunong'ona kwamba mzee siku hizi anaua watu. Kalinga! Mtu anayehurumia hata kuku wa Krismasi! Basi Apolonia akataka vyombo vya hospitali vimsafishie mumewe jina.

Filemoni alikuwa ameloweka unga wa kila kifurushi kwa spiriti, akachuja, akakausha juu ya maji ya moto, akapima kilichobaki.

"Gome ni zuri, mama. Ukali wake ni ule ule, kifurushi hiki na kile. Shida ni wingi. Hiki kidogo, tegu atacheka tu. Hiki hapa ni mara mbili yake. Mzee anapima kwa nini?"

"Kwa kiganja."

Akaketi juu ya kreti la chupa. Jamani, si kwamba hakujua. Tangu mavuno yeye ndiye aliyekuwa akimfunga Kalinga vifungo vya shati. Chai alimjazia nusu kikombe, naye Kalinga hakuuliza kwa nini. Walikuwa wanafichana kitu ambacho wote wawili wanakiona, na Apolonia alimpenda mno hata asiweze kukitaja.

Filemoni alichukua kijiko cha bati, akakisugua ukingo kwa tupa, akapima, akasugua tena mpaka kikabeba kipimo cha haki.

"Kijiko kimoja, usawazishe kwa kidole. Akizidisha tena mtu atakufa, mama."

Alipofika nyumbani alimkuta jirani yao, Verediana, ameshaketi jikoni na bakuli la uji, njaa inamuuma, maana dawa ya tegu ilimtaka asile tangu jana. Kalinga alikuwa ameingiza mkono kwenye chungu cha unga.

"Ngoja kwanza, Baba Liberatus. Njoo nje."

Nyuma ya nyumba alimwambia yote. Kalinga akafura.

"Umepeleka dawa ya baba yangu ikapimwe kama chumvi ya dukani?"

"Nimepeleka."

"Baba aliutemea mate ya baraka mkono huu, akiwa anakata roho! Hicho kijiko kimetemewa mate na nani?"

Siku nyingine Apolonia angecheka. "Mkono wako unatetemeka, mume wangu. Benedicta nusura afe."

Mzee aliutazama mkono wake. Hasira ilimtoka, akabaki mtu mzima tu mwenye aibu.

"Nilidhani hujaona."

"Vifungo vya shati anakufunga nani?"

Kalinga akamshika mkewe mkono wa kulia, uliochubuka kwa sabuni ya chupa, akaukunjua. Akautemea mate kidogo katikati ya kiganja, kama alivyofanyiwa yeye, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Kijiko kipime," alisema. "Lakini anayetoa ni mkono."

Wakarudi jikoni. Apolonia alichota, akasawazisha kwa kidole, akamimina unga kwenye kiganja chake. Kalinga akapitisha mkono wake chini ya wa mkewe, wakausogeza pamoja juu ya bakuli. Unga wote ukaingia kwenye uji.

Moshi ulikuwa mwingi mle jikoni, na Verediana aliuona mkono uliokuwa juu tu.

"Mama, mbona unatetemeka hivyo?"

"Baridi hii," alisema Apolonia, mkono wa Kalinga bado uko chini ya wake. "Siku hizi siiwezi kabisa. Kunywa, mwanangu."