Mgomba Uliovikwa Shati la Mbusa

Shimo la madini lilimfukia Mbusa, na mlima ukakaa juu yake. Hakuna aliyeweza kumfukua. Mama yake, Kanyere, mwenye duka hapa Mubi, akakataa matanga. Bila mwili, alisema, hakuna kifo.

Mamy, mke wa Mbusa, akabaki katikati. Mjane huomboleza, kisha wanawake humuogesha, humvalisha nguo mpya na kumrudisha kwa watu. Mamy hakuwa mjane wala mke. Akilia, Kanyere alimkemea: unamulilia nani? Akitabasamu, alimkazia macho mpaka tabasamu likafa.

Claudette wa kituo cha afya, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wenye majonzi, alikuja dukani.

"Mama Kanyere, mara ya mwisho ulisikia furaha ilikuwa wakati gani?"

"Leo asubuyi."

Claudette alishangaa. "Ilikuwa nini?"

"Pikipiki ilisimama hapa inje."

"Nani alishuka?"

"Muntu wa sabuni. Lakini mbele ya kugeuza uso, alikuwa Mbusa."

"Hiyo haiko furaha, mama. Iko kidonda unakwaruza."

"Wewe ulisoma furaha mu masomo. Mimi niko nayo. Iko fupi, lakini iko yangu."

"Na ya Mamy iko wapi?"

Kanyere aligeukia mlango wa nyuma. Nyuma ya pazia Mamy alikuwa akiosha sahani bila kuzigonganisha, kama mtu aliyejificha.

Kesho yake Kanyere alichukua panga, akakata mgomba wenye kimo cha mwanawe, akauvika shati lake. Ndivyo anavyozikwa asiyepatikana. Omer, baba yake Mbusa, alichimba kaburi. Katekista aliomba. Mgomba ulipoteremshwa, Kanyere alipiga kelele:

"Polepole! Mutamuumiza!"

Hakuna aliyemsahihisha. Ndipo Mamy akalia kwa sauti, na hakukemewa.

Matanga yalipokwisha, wanawake walimuogesha Mamy na kumvika kitenge kipya.

"Eh, dada!" mmoja akamtania. "Kwa kupendeza hivi, hata katekista atasahau Salamu Maria!"

Mamy akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni. Kisha akajiziba mdomo. Wote wakamgeukia Kanyere.

"Cheka, mutoto," alisema Kanyere. "Njo maana nilimuzika."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, akajiziba masikio kwa viganja. Kicheko kilianza tena uani. Alikichukia, na hakuwa na haki ya kukikataza.