Kumbukumbu Zilizohamia Ansab

Kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, Phyllis, mtumishi wa nyumbani kutoka Kenya, alimtembeza Bi Mahbuba ndani ya jengo la maduka lililo karibu na mtaa wao wa Ansab, kwa kuwa jua la Maskati halikumfaa ajuza yule. Akili ya Bi Mahbuba ilikuwa imeanza kufifia, na daktari alikuwa ameagiza mwendo wa kukaza, samaki, mboga za majani na sukari kidogo.

"Kaza mwendo, Bibi."

"Nnakaza! Wewe ndo unaburura miguu, kama bata alokula pilau."

Agizo lile lilifaa. Kumbukumbu zilirejea, ila hazikuwa zake. Bi Mahbuba, mzaliwa wa Unguja asiyewahi kufika Siaya kwao Phyllis, alikumbuka kisima cha nyuma ya kanisa na ng'ombe aliyeuzwa ili Phyllis asome. Huko Siaya, mama yake Phyllis alikuwa ameyasahau hayo juma lilelile. Mama huyo alishinda kitini kwa chai na mkate, maana binti ambaye angemtembeza alikuwa Maskati. Kilichomtoka kilikwenda palipokuwa na afya ya kukihifadhi. Phyllis alimshukuru Mungu, akazidisha mchicha.

"Bwana Sleyum," alimwambia mwana wa Bi Mahbuba, "naomba ruhusa niende nyumbani. Mama atanisahau hata mimi."

Sleyum alilengwalengwa na machozi. "Wallahi, dada, hatuna cha kukulipa. Mama amehuika kwa mikono yako. Ndiyo maana hatuwezi kukuachia sasa. Baada ya Ramadhani, inshallah."

Alikuwa amesema hivyo kabla ya Ramadhani iliyopita. Pasi ya kusafiria ya Phyllis ilibaki kabatini mwa Sleyum, chini ya ufunguo. Jioni alimletea Phyllis boksi la tende, kwa shukrani za kweli.

Ijumaa Phyllis alipiga simu Siaya. Mama alisikiliza kwa adabu, akauliza anazungumza na nani. Alipotajiwa jina alisema hana binti wa jina hilo, akamshukuru kwa kumjulia hali.

Kesho yake Bi Mahbuba alisimama mbele ya duka la udi. Alimshika Phyllis kidevu, akamwita Akoth, jina ambalo mama yake pekee alimwitia, akasema kwa Kijaluo kilichonyooka:

"Akoth, mbona umekonda? Huko wanakulisha?"

"Wananilisha, Mama."

"Njoo nyumbani, basi, ule."

Phyllis alimshukuru, akamshika mkono, wakaendelea kutembea.