Mbuzi Aliyevaa Kuti

Msimu wa kupanda ukifika, mji wa Umuezike una sheria moja: mbuzi afungwe. Akikutwa shambani mwa mtu, mwenye shamba humla, na kichwa humpelekea mwenye mbuzi asije akasema ameibiwa. Oyiridiya, mjane, alikwisha kupokea vichwa vitatu kutoka kwa jirani yake Obidigbo. Obidigbo alikuwa mtu wa haki. Vichwa alivileta mwenyewe, vimefunikwa vizuri kwa jani la mgomba.

Alibaki Achalugo, mbuzi mfupi mwenye mimba, asiyefika goti la mtu mzima wala kuheshimu kamba yoyote. Watoto wa Oyiridiya walikuwa mbali, na huyu ndiye aliyelala jikoni mwake na kumsikiliza. Alimpenda, basi. Achalugo akiliwa, nyumba ingebaki na mwenye nyumba tu.

Siku moja Achalugo akatafuna kamba ya mwisho. Oyiridiya akakata kuti changa la mchikichi, akamfunga nalo shingoni badala ya kamba, akaenda sokoni kununua kamba. Kila mtu Umuezike anajua kwamba kuti changa ni alama ya kitu cha mzimu, na kitu cha mzimu hakiguswi. Oyiridiya naye alijua, ila haraka haina baraka.

Alipokuwa akirudi alimwona Achalugo katikati ya mihogo ya Obidigbo, kipande cha kuti kikimning'inia shingoni. Obidigbo alikuwa amekwisha kuinua panga. Akaliona kuti. Akashusha panga, akavua kofia, akamwomba mbuzi radhi kwa kumkatiza chakula.

Oyiridiya akaisukuma kamba mpya chini kabisa ya kikapu. Tangu hapo, kuti likinyauka, alifunga jingine.

Msimu ule Achalugo alikula alipotaka. Wanawake walimwekea maganda ya viazi vikuu milangoni. Obidigbo alimweleza habari za goti lake bovu, na goti likapona, jambo ambalo halikumsaidia Oyiridiya hata kidogo. Mbuzi alipozaa mapacha kwenye mihogo, Obidigbo aliwajengea kibanda.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kupanda kulipokwisha, kuhani wa mzimu alikuja na watu kumchukua mbuzi na wanawe awapeleke kwa mzimu. Alikiri kwamba hakumbuki kumpokea mbuzi huyo, ila uzee nao una mambo yake. Oyiridiya akaona afadhali aibu kuliko upweke.

"Ni mbuzi wangu," alisema mbele ya wote. "Kuti nilifunga mimi, kamba ilikuwa imeliwa. Nisameheni, lakini msininyang'anye."

Watu wakamgeukia Obidigbo.

"Mama," alisema Obidigbo taratibu, "mimi nimemvulia huyu kofia msimu mzima. Unataka kuniambia nilikuwa navulia kofia kitoweo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi umekosea. Mzimu uliiazima mikono yako tu."

Kuhani akawatazama watu. Hakukuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kumwekea mbuzi yule maganda na kumnong'oneza shida zake. Akaamua kwamba aliyekwisha kuombwa na mji mzima hawezi kuwa wa mtu mmoja. Wakaondoka na Achalugo na mapacha wake. Oyiridiya alilia waziwazi, na siku hiyo hakuwasha moto.

Ila mbuzi wa mzimu hafungwi, na anakotaka kwenda hazuiwi. Kabla jua halijazama, Achalugo alikuwa mlangoni pa jiko na wanawe. Nyuma yao alikuja Obidigbo, mzigo wa majani kichwani.

"Mama, mzimu umechagua kulala kwako. Mimi ni nani niubishie? Majani niweke wapi?"

Oyiridiya akafuta macho, akamtazama vizuri.

"Weka pale pembeni," alisema. "Na kesho uwahi. Huyu huamka na njaa."

Kesho yake Obidigbo aliwahi.