Kiti cha Mbele

Jumatano ya Majivu mchungaji wetu alipitisha kapu kanisani, akaomba kila familia itie humo simu na tableti za watoto mpaka Pasaka. Watoto warudi kucheza, alisema. Nilinuna. Mchungaji hana mtoto hata mmoja, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini mama mkwe wangu, Ardis, alinikanyaga mguu chini ya benchi, nikatumbukiza tableti zote mbili.

Nilizinunua wiki tuliyomzika Karin, mke wangu. Solveig alikuwa na miaka saba, Nels mitatu. Sikutaka waniulize kitu, na mwaka mzima hawakuuliza. Nikadhani huo ndio utulivu, Mungu anisamehe.

Siku tatu walizunguka nyumba wakilalamika. Ya nne wakanyamaza. Nilikuwa jikoni nikipasha viazi na nyama alivyotuletea Ardis, nikamsikia Karin sebuleni. Alikuwa akiimba kwa mdomo uliofumbwa ule wimbo wake wa safarini, usio na maneno. Niliacha kijiko sufuriani.

Nilichungulia. Viti vinne vya mezani vimepangwa viwili viwili chini ya shuka. Solveig ameshika kifuniko cha sufuria, anakizungusha kama usukani na kuimba. Kumbe ni yeye. Nels amekaa nyuma. Kiti cha mbele, kando ya Solveig, kimevishwa koti la bluu la Karin, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na juu yake kuna sahani tupu.

"Nani kawaruhusu kutoa koti hilo kabatini?" nilifoka.

"Kalitaka mwenyewe," Nels alisema. "Nje kuna baridi. Na usiegemee hapo, Baba, unamsukuma Mama."

Nilitamani kukimbia kanisani nikapokonye lile kapu.

"Kila mara tunakwama darajani," Solveig alisema bila kunitazama. "Mimi sijui pale inakuwaje. Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika usukani, daraja limeganda barafu, Karin amepakata keki ya kuzaliwa ya Nels. Watoto walikuwa wanatusubiri kwa Ardis. Tangu gari lilipoteleza siku hiyo, sikuwa nimethubutu kumpakia mtoto garini. Ardis ndiye aliyekuwa akiwapeleka shule na kanisani.

"Mama alisema nini pale?" Solveig aliuliza.

"Alisema, 'Polepole, Anders, keki.'"

"Ukaenda polepole?"

Ningeweza kudanganya. Lile koti lilikuwa limenielekea.

"Hapana, mwanangu. Tulikuwa tumechelewa. Niliharakisha."

Solveig alinitazama, na niliogopa macho yale kuliko nilivyowahi kuogopa hukumu yoyote. Nels ndiye aliyesema, "Basi leo nenda polepole." Dada yake akahamia nyuma, akaniachia kifuniko.

Nilikaa. Mkono wa koti ulinigusa, na naapa ulikuwa na joto. Niliendesha taratibu kiasi kwamba Nels akaanza kulalamika.

"Baba, hata kobe katupita!"

"Nyamaza wewe," Solveig alinong'ona. "Daraja."

Tulivuka. Machozi yalikuwa yananitiririka, na sikuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Tumefika kwa Bibi!" Nels alipiga kelele.

Solveig alizunguka mbele, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akachukua ile sahani kwa uangalifu. "Shuka, Mama," alisema. "Tumefika. Keki nzima."

Jumapili Ardis alipokuja kuwachukua, alinikuta nimeshawasha gari langu, watoto wamefungwa mikanda nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akakitazama kile kiti, akasita.

"Kaa tu, Bibi," Nels alimwambia. "Mama alishashuka."