Picha za Uani

Scolastica aliiweka fomu ya fidia juu ya kaunta ya studio, akaigeuza ili Anatoli aisome. Kwenye picha alikuwa amesimama wima, kibao cha namba kifuani, sura imetoka safi hadi mikunjo ya macho. Nyuma yake lilionekana jiko la udongo lililoezekwa nyasi. Chini yake palikuwa pameandikwa: *Makazi: kibanda. Hastahili kiwanja mbadala.*

"Nyumba yangu ya matofali iko wapi hapa, Anatoli?"

Anatoli aliinuka, akakaa, akainuka tena.

Aliikumbuka siku ile. Ofisi ya mradi wa barabara ilitaka sura ya mwenye nyumba na namba yake, basi. Mbele ya nyumba palijaa kifusi, kwa hiyo aliwapigia watu picha uani. Jua la saa nne lilikuwa upande wa nyumba. Mtu akiipa nyumba mgongo, sura ingetoka nyeusi. Akawageuza, majiko yakabaki nyuma yao. Miaka ishirini na miwili hapa Biharamulo mjini alikuwa akifanya hivyo: sura kwanza. Katika maboksi yake ya picha walikuwemo maharusi na watoto wa kipaimara wa mtaa ambao sasa ni kituo cha mafuta. Mtaa wenyewe haukuwemo. Hakuwahi kuupiga.

"Twende ofisini, mama."

"Nenda wewe uliyekosea. Greda linakuja kubomoa kesho, mimi nina mabati ya kung'oa."

Ofisini, Wiston, afisa wa fidia, alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Picha ya mama Scolastica ina kosa. Kosa ni langu."

"Ya huyo tu?"

Nyumba thelathini na moja, asubuhi moja, jua lile lile. Anatoli aliuhamisha mkoba wa kamera bega hili hadi lile.

"Safu nzima."

Wiston alicheka. "Mzee wangu! Unatumwa nyumba, unaleta paspoti?"

"Uliniambia sura na namba."

"Karatasi niliyokuandikia hivyo iko wapi?"

"Uliniambia kwa mdomo."

"Aa, mdomo." Wiston alimsogezea karatasi na kalamu. "Andika barua. Itaenda mkoani, wataalamu watakuja kupima upya."

"Lini?"

"Miezi miwili. Mitatu."

"Watapima nini, na greda ni kesho?"

"Greda haliko chini yangu. Ila fikiria, mzee. Wiki ijayo tunaanza kupiga picha za nyumba Nyantakara. Mtu aliyekiri kukosea safu nzima, nitampelekaje huko?"

Anatoli aliandika. Mstari wa kwanza aliukata, akauandika upya, akatia sahihi. Wiston aligonga muhuri, akaiweka barua juu ya barua nyingine, akamshukuru kwa uaminifu wake.

Saa tisa alifika kwa Scolastica. Nusu ya paa ilikuwa imeshatoka. Mama mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, kitenge kimefungwa kiunoni, akichomoa misumari.

"Wamesemaje?"

"Wamepokea barua."

Scolastica alichomoa msumari mwingine. "Haya. Shika bati, usisimame tu."

Bati lilikuwa la moto. Anatoli alilipokea kwa mikono miwili, akageuka kuliegemeza ukutani, na kupitia mlango ulio wazi akamwona mpimaji wa barabara. Alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, akipigilia kigingi kwenye sakafu. Viatu vyake alikuwa amevivua mlangoni, akavipanga vizuri.